Nilimwachia

Kazi yangu ni kuwasemea watu wasionijua. Filamu ikija kutoka nje na lugha ya huko kwao, naiangalia mara mbili nikiwa nimekaa kimya, na mara ya tatu navaa spika za masikioni, nashika kipaza sauti na kuizungumza kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Mume ni mimi, mke ni mimi, polisi ni mimi, mchungaji ni mimi. Mbwa tu ndiye anayejibwekea mwenyewe. Wateja wakiambiwa kwamba ile sauti nzito ya jambazi ni ya mwanamke wa mtaa wa Mabatini aliyejifunga kanga, hawaamini, nami nimeshachoka kuwaaminisha.

Chumba cha kazi nimekiegemeza magodoro ya zamani ukutani ili kelele za jirani zisiingie. Mvua ikipiga bati, kazi inasimama. Korongo wakitua juu ya paa na kuanza matembezi yao, inasimama vilevile, na hapo huwa natukana kwa lugha ambayo siitafsiri. Naishi peke yangu. Zipo siku ninaongea tangu asubuhi hadi alasiri, sauti sita au saba, watu wanapendana na kuuana kinywani mwangu, halafu natoka kununua nyanya, muuzaji ananiuliza habari za tangu asubuhi, nagundua hilo ndilo neno la kwanza nililoambiwa mimi mwenyewe siku hiyo. Siku za namna hiyo nakuwa na upweke mwingi, na sioni haya kusema.

Mwaka jana mwenye duka la filamu anayenipa kazi aliniletea filamu kwenye fleshi. Ni kijana wa mjini, mwenye maneno mengi, na akitaka jambo huniita dada mkubwa. Filamu yenyewe haikuwa na bunduki wala magari ya kufukuzana. Mjane mmoja katika nchi ya baridi anamwalika nyumbani mwanamume aliyekuwa na mumewe siku gari lao lilipotumbukia bondeni. Mume alikufa, huyu akatoka mzima. Mjane anampikia supu, anamwekea kiti karibu na moto, kisha anamfungia kwenye stoo na kuanza kumhoji. Anamhoji siku tatu. Mwanamume anatoa maelezo matatu, kila moja linaingia akilini, na kila moja linalikana la jana yake. Mjane naye, kadiri anavyozidi kuuliza, ndivyo unavyozidi kumwogopa yeye. Mwishoni anauliza mara moja tu, taratibu, kama mtu anayeulizia saa. Mwanamume anafungua mdomo. Picha inakatika, majina yanaanza kupanda.

Nilimpigia simu mwenye duka kumwambia nimemaliza. Akaja, akaangalia kipande cha mwisho akiwa amesimama.

"Dada mkubwa, hapa pameisha vipi?"

"Pameisha hivyo hivyo."

"Haiwezekani. Steringi nani, adui nani? Watu wa banda la video wataniuliza mimi, hawatakuuliza wewe."

"Waambie aliyeitengeneza hakutaka tujue."

"Sasa huyo ana shida zake." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Si amefungua mdomo? Mtilie maneno. Sekunde mbili zinatosha."

Nilimkasirikia. Nilimwambia mimi ni mtafsiri, si hakimu. Akacheka, akasema wanangojea Jumamosi, akaondoka. Nilikaa pale mbele ya ule mdomo uliofunguka, nikijua kwamba nitafanya anachotaka, na kujua kwangu huko ndiko kulikonitia hasira zaidi. Nikasogeza kipaza sauti. Nikasema kwa sauti ya yule mwanamume: "Ndiyo. Nilimuua."

Jumamosi saa kumi nilipita karibu na banda la kuonyeshea. Ukuta wake ni wa mbao, kila kitu kinasikika nje. Nilijisikia mwenyewe nikiuliza, kisha nikajisikia nikikiri. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja, nadhani alikaa karibu na ukuta, akasema kwa kuridhika kabisa: "Nilijua tu. Tangu alipoingia nilimwona macho yake." Wakaanza kutoka wakijadiliana, wakiwa na furaha, na mimi nikashika njia ya nyumbani bila kuwatazama. Maana kabla ya kazi hii kuwa kazi yangu, niliwahi kuifanya mara moja bila kipaza sauti, na yule niliyemtilia maneno hakuwa mtu wa filamu.

Nilikuwa na kaka mmoja. Alikuwa anasomea ualimu Butimba, na chumbani kwake alikaa na rafiki yake, Msukuma wa upande wa Sengerema. Likizo moja walikwenda kwao yule rafiki. Siku ya kurudi hawakutaka kungoja kivuko pale Busisi, wakapanda mtumbwi wa mtu aliyekuwa anapeleka viazi. Upepo ukawakuta katikati. Rafiki aliokolewa na wavuvi akiwa anaogelea. Mwenye mtumbwi na kaka yangu walipatikana siku ya pili. Haya ndiyo tunayoyajua, na hakuna aliyeyapinga.

Tulimzika kwetu, mkoani Mara, kijiji cha ufukweni. Nilikuwa kidato cha pili. Yule rafiki alikuja siku ya maziko kabla jeneza halijatoka, akaomba kuingia chumba alichokalia mama pamoja na wanawake wazee. Wanaume walikuwa nje. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha kusalimia na kuuliza bei ya sabuni, na wale bibi walikuwa hawana hata hicho. Nikaitwa nije nitafsiri, kwa kuwa mimi ndiye msichana pekee aliyekuwa na shule.

Alipiga magoti mbele ya mama. Alikuwa amevaa sweta la kaka yangu, lile la kijani lenye kiwiko kilichoshonwa. Nililitazama sweta lile wakati wote. Akaeleza mambo ya upepo, ya mtumbwi kujaa maji, ya dumu moja tupu la mafuta lililokuwa likielea. Alikuwa analia na maneno yanamtoka vipande vipande. Nilikuwa namfuata kwa Kijita, lugha yetu, neno kwa neno, vizuri tu. Kisha akasema, "Mama, nilimwachia," akashindwa kuendelea.

Mama akanigeukia. "Amesema nini?"

Kiswahili kinaweza kuliacha neno hilo bila kulimaliza. Ukiwa na dumu ukampa mwenzako alishike yeye, ukabaki na mikono yako mitupu, unasema nilimwachia. Ukiwa umeshika mkono wa mtu, ukaufungua wako ili ujiokoe, unasema nilimwachia. Kijita hakiniruhusu hivyo. Hayo ni maneno mawili kwetu, hayafanani hata kidogo, na lazima uchague. Ningeweza kumuuliza: umemwachia nini? Ni swali la maneno mawili. Mtoto wa darasa la pili angeliuliza.

Nikamwambia mama kwamba aliufungua mkono.

Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba nilikosea, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilikuwa sijalala. Yote ni kweli. Lakini nakumbuka pia sweta, na nakumbuka joto lililonipanda kifuani kwa sababu huyu anapumua. Kosa lake kubwa machoni pangu lilikuwa kurudi. Kama nilichagua lile neno kwa kutojua au kwa kulipiza, sijui. Nimejihoji kuliko yule mjane wa kwenye filamu, na kila siku natoa maelezo mapya.

Mama hakupiga kelele. Wale bibi ndio waliopiga. Habari ikatoka nje kwa wanaume, na ilipotoka ilikuwa imeshakamilika, haina tena nafasi ya kuulizwa. Baba zangu wadogo wakamwambia aondoke kabla jeneza halijaanza kusogea kwenda kaburini, na asithubutu kutupa udongo. Alisimama mbali, kwenye shamba la mihogo, mpaka tulipomaliza. Hakuna aliyemfasiria ni nini kilichosemwa ndani. Baadaye tukasikia ameacha chuo. Kwetu hilo likawa ushahidi: mtu asiye na hatia angeacha chuo kwa nini?

Mama alikufa miaka miwili iliyopita. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akimtaja yule kijana kuwa ni yule aliyeufungua mkono, hakuwa na jina jingine kwa ajili yake. Nilikuwa nikimnywesha uji nikimsikiliza, nikisema moyoni, kesho nitamwambia. Zilikuwepo kesho nyingi. Sikumwambia, naona aibu kuliandika hili.

Kwa hiyo baada ya ile Jumamosi sikuwa na mtu mwingine wa kumwendea isipokuwa yule rafiki. Mwalimu mmoja aliyesoma nao Butimba alikuwa amenidokeza zamani kwamba anaendesha mashine ya kusaga huko Sengerema. Jumatatu nilivuka pale Busisi kwa daraja, jipya, refu, maji yakipita chini kama hayajawahi kufanya lolote. Nilitaka kitu kimoja: anitajie alichokuwa ameshika, dumu au mkono. Kama ni dumu, nimwombe radhi. Kama ni mkono, nipumzike. Nakiri kwamba njiani niliomba iwe mkono.

Nilimkuta mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Mashine inanguruma, akinamama wawili wanangojea na ndoo zao. Nikangoja nami. Alipoizima, masikio yangu yakawa yanavuma.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeleta mahindi au muhogo?"

Nikamwambia mimi ni mdogo wake nani. Hakushtuka. Alifuta mikono kwenye suruali, akavuta gunia tupu na kulikunjua juu ya benchi ili nisichafuke. "Karibu," akasema. "Mama hajambo?"

"Mama alifariki."

"Pole sana, dada. Sikupata habari." Akaketi upande wa pili. "Hata hivyo nisingeweza kuja."

Nikamweleza haraka, kabla sijakata tamaa. Kwamba siku ile alisema nilimwachia, kwamba mama hakumwelewa, kwamba mimi ndiye niliyelipeleka neno lile kwa Kijita na nikalipeleka kama mkono. Kwamba sikumuuliza. Kwamba wazee walimfukuza kwa neno langu, na lake hawakulisikia. Alisikiliza ameinama. Mmoja wa wale akinamama akauliza kama mashine imeharibika, akamjibu hapana, inapoa.

"Nilidhani wameona wenyewe," akasema mwishowe. "Wale bibi. Nilidhani wazee wana namna yao ya kuona. Baba yako mdogo mmoja alinishika shati akaniambia kwa Kiswahili, wewe uliufungua mkono wa mtoto wetu. Hakunieleza amejuaje. Nikasema basi, kama wao wanajua."

"Lakini wewe ulikuwa pale majini, kaka. Ulikuwa umeshika nini?"

"Nilipokuja kwenu nilikuwa najua." Alisema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Nilitoka hapa nyumbani najua cha kumwambia mama. Niliingia mle ndani najua. Tangu siku ile nikifumba macho nauona mkono wake. Nauona vizuri, kucha zake, saa yake. Najitahidi kulitafuta lile dumu, nilimpa, sikumpa, silioni. Sasa siwezi kusema kama mkono niliuona majini au niliupata kwenu."

Nilitaka kumwambia lilikuwa dumu. Lilinifika mdomoni kabisa. Sekunde mbili zingetosha, na angeniamini, kama alivyowaamini wale bibi. Nikajizuia, na ndicho kitu pekee cha haki nilichowahi kumtendea.

Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye alikuwa na jambo la kuniuliza, na kwamba alikuwa amelingojea muda mrefu kuliko mimi.

"Wewe ndiye uliyenisikia," akasema. "Ulikuwa karibu kama hivi. Nilisema nini, dada?"

Nikamwambia neno lenyewe, kama lilivyomtoka, bila kuongeza wala kupunguza.

"Hilo ninalo," akasema. "Maana yake ndiyo iliyobaki kwenu."

Na mimi sikuwa nayo.