Mwombaji Mmoja

Kocha mkuu wa besiboli wa chuo chetu hapa Johannesburg alipoondoka, niliwekwa kwenye kamati ya kumtafuta mwingine. Mimi ni Mkenya, nafundisha sheria za biashara, na besiboli siijui hata inavyoanza. Walinitaka kwa sababu nasoma kanuni, na kanuni ilisema usaili haufanyiki bila waombaji watatu.

Alikuja mmoja. Alikuwa mlinzi wetu wa getini, Mkongomani anayeishi mtaa wa Jeppestown. Mchezo aliujua kwa kuutazama miaka mingi kutoka kibandani, na kila akimaliza zamu aliwafundisha wachezaji kurusha na kudaka. Siku hiyo alivaa suti yake ya kanisani. Wenzangu walitaka kumsikiliza. Mimi ndiye niliyefungua kanuni nikawasomea, tukamrudisha na kutangaza nafasi upya.

Mara ya pili alikuja peke yake, na suti ileile. Mara ya tatu pia. Hapa Johannesburg nani mwingine angeutaka mchezo huu? Nililijua hilo, na bado nikasoma kanuni, maana kulegeza wakati huo kungeonyesha nilikosea tangu mwanzo. Wachezaji walichoka kungoja, wakahamia soka. Uwanjani sasa tunaegesha magari.

Juzi asubuhi alinifungulia geti kama kawaida, akainama dirishani.

"Mwalimu, mimi nilikuja mara tatu," akasema. "Hamngeweza kuhesabu hiyo kuwa watu watatu?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Alikuwa bado ameshika geti, akingoja jibu.