Siku Niliyopiga Windo kwenye Mashine Iliyokataliwa

Kompyuta yangu ya mezani niliinunua ikiwa imeshatumika, kwenye ofisi iliyokuwa inafungwa, nikaibeba begani mpaka Igoma. Kichwa hiki kiliishia darasa la saba, lakini mabega yamesoma sana. Nimebeba magunia ya dagaa mwaloni, nimeponda kokoto, na leo nina duka la picha na kuchapa ambapo waliomaliza vyuo wanapanga foleni niwachapie barua za kuombea kazi. Sijisifu. Ndivyo ilivyo.

Tatizo, mashine ilizeeka, na windo yake, ule mfumo unaoiendesha, ikazeeka nayo. Tovuti za kuombea ajira zikaanza kukataa kufunguka, moja baada ya nyingine, na wateja wakawa wanaingia, wanasubiri, wanatoka. Mimi siwezi kumtazama mteja akitoka mikono mitupu. Nikaenda kwa fundi mmoja Mkuyuni, akaigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti.

"Mzee, windo mpya haikubali humu. Hii peleka skrepa."

"Kijana, hata mimi nilishaambiwa nipelekwe skrepa."

Nikarudi nayo. Nikatafuta kwenye simu video ya jamaa mmoja anayeonyesha namna ya kuipenyeza windo mpya kwenye mashine zilizokataliwa. Lugha yake sikuijua hata neno. Lakini mshale wake niliuona unakwenda wapi, na mimi kazi zote nimejifunza kwa kutazama mikono ya watu.

Cha kwanza, picha. Kila mtu wa mtaa huu aliyewahi kuhitaji picha ya kitambulisho, sura yake iko kwenye ile mashine. Na kwetu mtu akifa, wanakuja kwangu. Natafuta ile picha ndogo, naikuza, naiweka kwenye fremu, inabebwa mbele ya jeneza. Kwa hiyo nilichomeka flashi, nikaikamata folda ya picha pale kwenye kioo, nikainakili. Sekunde moja, tayari. Nikajisemea, flashi yangu ina mbio.

Saa nne asubuhi nikaanza. Simu nimeiegemeza kwenye kikombe, jamaa anaongea, namfuata hatua kwa hatua. Akafika mahali pa kufuta diski yote, mshale wake uko juu ya neno lenyewe, na wangu uko hapo hapo, kidole kimeshajiweka. Mlangoni nikasikia hodi.

Alikuwa dada mkubwa wa seremala aliyenitengenezea kaunta ya duka. Mama mtu mzima, kanga mbili, macho mekundu. Huwezi kumwamkia mtu wa namna ile umempa mgongo. Nilisimama, nikatoka nyuma ya kaunta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mdogo wangu ametutoka. Usiku, hospitalini."

Nikamkalisha kwenye benchi. Msiba hauulizwi kwa haraka. Nikauliza ilikuwaje, nikasikiliza, nikampa pole, yake na ya watoto wa marehemu. Akasema gari linaondoka saa saba kuwahi kivuko, wanampeleka Sengerema kumzika karibu na kaburi la baba yao, na picha hawana. Simu ya marehemu ilizama ziwani mwaka jana na kila kitu.

"Kofia yake unaijua," akasema. "Haikutoka kichwani. Ni wewe tu uliyemvua, siku ya kitambulisho."

"Mama, mimi sipotezi sura ya mtu. Tulia hapo."

Nikarudi kwenye mashine. Jamaa wa video alikuwa keshaendelea mbele bila mimi. Nikadakia pale alipofika, nikabonyeza kuendelea, asilimia zikaanza kupanda. Kisha nikachukua flashi, nikaichomeka kwenye printa, maana printa yangu inasoma flashi yenyewe na ina kioo kidogo.

Ikaandika hakuna picha.

Nikaichomoa, nikaipuliza, nikarudisha. Hakuna picha. Ndipo nikakumbuka kale kamshale kadogo kwenye kona ya folda yangu. Kumbe ile haikuwa folda. Ilikuwa alama ya kukupeleka ilipo folda. Nilikuwa kama mtu aliyehama nyumba akabeba kibao cha namba, nyumba akaiacha.

Asilimia kumi na tisa.

Nilitoka nje, nikaingia. Nikapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Nikatoka tena. Mshonaji wa duka la pili aliinua kichwa kwenye cherehani.

"Bosi, leo unapima kiwanja?"

"Shona."

"Si ulisema hiyo ni kazi ya dakika ishirini? Au kompyuta nayo inataka cheti?"

Siku nyingine ningemjibu akome. Nilirudi ndani. Thelathini na nne. Mashine ikajizima, ikajiwasha yenyewe. Mama yule alikuwa ananitazama tu, mikono mapajani. Sijawahi kumwambia mteja kwamba sijui. Hata nisipojua nasema rudi kesho. Lakini kesho ya yule mtu ilikuwa saa saba.

"Mama," nikasema, "nimefanya kosa. Sijui kama picha ipo."

Hakunilaumu. Aliuliza, "Lini utajua?"

"Hiyo namba ikifika mia."

"Basi tuingoje."

Tukaingoja pamoja, mimi nimesimama, yeye amekaa. Saa sita kasoro, windo mpya ikafunguka, safi, inang'aa, kwenye mashine ya skrepa. Sikuifurahia hata kidogo. Nikafungua diski, nikaona folda moja imeandikwa jina la windo na neno la kuonyesha ni ya zamani. Nikaingia ndani, ndani zaidi, ndani tena. Sura za Igoma yote zilikuwa humo.

Sikuifuta diski. Ile hatua ya kufuta ilipita kwenye simu wakati nimesimama naamkia, nami nikairuka bila kujua.

Seremala alikuwa na kipara kinachong'aa na uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu chake. Nikamkuza, nikamchapa, nikamtia kwenye fremu. Dada yake alikifuta kioo kwa ncha ya kanga ingawa kilikuwa safi.

"Ndiye huyu," akasema. "Amekasirika hivyo hivyo."

Gari lilipopita barabara ya Musoma nilikuwa mlangoni, nikaiona fremu nyuma ya kioo cha mbele. Mshonaji alisimamisha cherehani mpaka lilipopita, kisha akaniuliza kama ile kompyuta imekubali.

"Imekubali," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikuongeza neno. Nikaingia ndani kunakili picha zile, folda yenyewe safari hii. Ilichukua mpaka jioni, na sikukaa kwenye kiti hata mara moja.