Mpangaji Aliyeshindwa Kufukuzwa

Kila mtaa una mtu wake. Mtaa wetu una mimi, na hilo halina ubishi. Mtaa wa nyuma ya chuo cha uuguzi nao una mama mmoja ambaye wapangaji wake humwita Mwalimu Mkuu, na kwa kuwa sijasikia mtu mwingine aliyemshinda mama yule kwa kupata sifuri, naona ni haki habari zake niziandike mimi.

Mama huyu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Siku ya kustaafu, wenzake walimzawadia kengele ya shule. Hapo ndipo walipokosea. Umemzoesha mtu kengele maisha yake yote, kisha unampa aende nayo nyumbani, ulitegemea aifanyie nini? Aliitundika uani, akajenga vyumba saba, akapangisha wanafunzi wa chuo, na kengele ikaendelea na kazi kama vile yenyewe haikupewa barua ya kustaafu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kengele. Wapangaji wanajipanga mstari uani, miswaki mdomoni, mama anaita majina kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Saa moja jioni, kengele tena. Kila mtu mezani kwake, kitabu wazi, mpaka saa tatu.

Na bado vyumba vyake viligombaniwa kama maji ya bomba, maana kutoka getini kwake mpaka wodini ni dakika sita kwa mguu.

Dakika sita hizo ndizo alizokuwa akizitafuta mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alikuwa mwaka wa mwisho. Mazoezi ya wodini yalikuwa yaanze Jumatatu ya wiki ya nne, saa kumi na mbili kamili asubuhi, na kutoka kwa mama yake gari la kwanza lilikuwa linafika mjini saa moja kasoro. Mwaka uliopita alikwisha kuchelewa mara mbili. Kanuni ya chuo ilisema ukichelewa mara ya tatu unarudia mwaka mzima. Dada yangu akanipigia simu.

"Mwenye nyumba anataka mzazi au mlezi aje kujaza fomu. Mimi magoti yananiuma. Nenda wewe, lakini usiongee sana."

"Mimi lini nimeongea sana?"

Akakata simu. Dada yangu hana adabu.

Sasa, mimi ni mchora mabango. Miaka ishirini na sita. Ukiona duka la dawa mjini, na herufi zake zimesimama wima kama askari, ujue ni mkono wangu. Kwa hiyo fomu ilipowekwa mezani nilimnyang'anya mpwa wangu kalamu. Siwezi kukaa nikaangalia mtu akiandika herufi zinazolala.

Fomu ilikuwa na mistari miwili ya majina, mmoja juu, mmoja chini. Mimi nimelelewa vizuri. Kwetu jina la mkubwa hutangulia, awe kwenye kadi ya harusi au kwenye orodha ya waliochangia bati. Nikaandika jina langu juu, la mpwa wangu chini, nikapiga mkia mzuri kwenye herufi ya mwisho. Maandishi madogo yaliyokuwa pembeni mwa mistari sikuyasoma. Mchora mabango hasomi maandishi madogo, huyadharau.

Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akasoma, akanitazama, akamtazama mpwa wangu, akanitazama tena.

"Kwa hiyo mpangaji ni wewe," akaniambia. "Na huyu binti ndiye mlezi wako."

Mpwa wangu akafungua mdomo. Mama alikwisha kuanza kuninakili kwenye daftari, kwa wino.

"Elimu haina mwisho," akasema, na nikaona macho yake yamelegea kwa furaha. "Nimesubiri miaka mingi kupata mtu mzima anayerudi darasani. Mwanangu, unasomea nini?"

Hapo, wenzangu, ndipo ningesema nimekosea. Neno moja tu. Lakini fikiria na wewe: mchora mabango wa miaka ishirini na sita, aseme amekosea mstari? Mbele ya mpwa wake?

"Mambo mengi, Mwalimu," nikasema.

Tulipofika kwenye kona mpwa wangu akanishika mkono.

"Mjomba, rudi umwambie."

"Nitamwambia kesho. Leo amefurahi."

Kesho yake nikamwambia. Akanisikiliza, akatabasamu. "Kila mwanafunzi mzima hupatwa na woga wiki ya kwanza," akasema. "Na daftari langu halifutwi. Jina likiingia limeingia. Mpangaji asipoonekana kwenye mstari siku mbili, chumba nakifunga kwa kufuli mpaka mwisho wa muhula, asikae yeye wala mwingine."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikahamia. Nina miaka hamsini na mmoja, nina tumbo la heshima, nikalala kwenye kitanda cha mwanafunzi ambacho miguu yangu ilikimaliza ikabaki hewani. Mpwa wangu, ambaye chumba kilikuwa chake kwa haki, akaruhusiwa kunitembelea Jumamosi tu, kama mlezi, na kila alipokuja mama alimkalisha ofisini kumpa taarifa zangu.

"Anaendelea vizuri," alimwambia Jumamosi ya kwanza. "Ila anakoroma, na jana alimjibu mwenzake vibaya kuhusu ndoo. Uzungumze naye."

Mpwa wangu akazungumza na mimi. Sitaki kuyarudia.

Tukakubaliana lazima nifukuzwe. Mimi nikacheka. Kufukuzwa? Utotoni nilifukuzwa shule mbili, kwaya, na timu ya mpira ambayo mwenye mpira alikuwa mimi. Nikamwambia mpwa wangu nipe siku tatu.

Siku ya kwanza sikuamka kengele ilipolia. Mama akaja na chai ya tangawizi na mkate, akaniweka mkono kwenye paji la uso. "Umesoma kupita kiasi," akasema. "Leo pumzika, nimekuandika upo."

Siku ya pili nikamkaripia kijana wa chumba cha tatu, anayesomea dawa, tuliyekuwa tukimwita Famasia, kwa sababu ya bafu. Nilimkaripia kwa sauti makusudi ili mama asikie. Akasikia. Jioni akanitangaza kuwa kiranja wa usafi.

"Hongera, kiranja," Famasia akaniambia mstarini. "Mimi niko hapa mwaka wa tatu, hata ufagio sijakabidhiwa."

"Kipaji, mdogo wangu. Hakifundishwi."

Siku ya tatu nikachukua rangi nyeusi na brashi pana, nikaandika kwenye ukuta wa uani, herufi za futi moja: NYUMBA HII INA KELELE. Mama akatoka, akasimama, mikono kiunoni. Nikasema moyoni, haya, kwaheri ya kuonana.

"Hii ni kweli," akasema polepole. "Wamezidi. Na mwandiko gani huu, mwanangu." Akaingia ndani, akarudi na karatasi zilizochapwa. "Niandikie na kanuni zote. Kumi na nne. Hapo hapo ukutani."

Siku zote zilizobaki za wiki ya pili nikawa naandika kanuni kwa kuzichora, kanuni ambazo ningezisoma siku ya kwanza ningekuwa nimelala kwangu. Ndivyo nilivyofika kanuni ya kumi na moja: Mpangaji ataondolewa endapo tu itathibitika hana msingi wa kusoma. Na ya kumi na mbili: Mpangaji akiondolewa, mlezi wake atakuwa wa kwanza kupewa chumba, ili familia iifute aibu yake.

Brashi ikasimama. Nikashuka kwenye ngazi, nikaisoma tena kwa mbali, kama ninavyoyasoma mabango yangu.

Jumamosi ile mpwa wangu alipokuja, nikampeleka ukutani, nikamwonyesha kwa kidole. Akasoma kanuni zote mbili, midomo ikitikisika.

"Mjomba," akasema, "wewe msingi wako ni darasa la saba."

"Usiipaze sauti."

"Kamwambie."

Nikaenda. Nikamwambia mama kwamba mimi niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba niliingia nikitokea dirishani. Akatikisa kichwa. "Mjinga hajisifu ujinga. Anayejishusha ndiye msomi. Thibitisha." Akafungua kabati, na ndani ya kabati, wenzangu, palikuwa na mitihani ya darasa la saba ya miaka thelathini na minne, imefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Akachomoa mmoja. Maswali ishirini, ya kuchagua A, B, C au D. "Ukipata chini ya kumi, nitakuondoa."

Nikakaa. Mpwa wangu akakaa pembeni, kama mlezi. Swali la kwanza lilikuwa robo tatu ya mia mbili na arobaini. Nikakusudia kuandika uongo. Kalamu ikaenda kwenye A, ikakataa. Mimi napima mbao na kuta kila siku ya Mungu, robo tatu ya mia mbili na arobaini ni mia moja na themanini, hata ukiniamsha nikiwa na homa. Nitazungushia sitini, mtu aje aione, aseme mchora mabango yule hajui robo? Nikazungushia jibu la kweli. Nikasema moyoni, hili moja tu. La pili nalo nililijua.

Nikapata kumi na nane.

Mpwa wangu akaweka kichwa juu ya meza. Mama akapiga makofi, peke yake, mle chumbani.

"Nimebahatisha, Mwalimu," nikasema.

"Mtu habahatishi kumi na nane."

"Nipe mwingine."

Akafikiri. "Jumamosi ijayo basi. Mbele ya wenzako wote, wapate kuiga."

Nilimsindikiza mpwa wangu mpaka getini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Jumatatu inayofuata hiyo Jumamosi naanza wodini," akasema. "Juzi nimejaribu kutoka nyumbani. Nimefika saa moja na dakika tano, na mlango ulikuwa umefungwa. Mjomba, mimi najua unajua. Mwalimu Mkuu anajua unajua. Wewe unataka nani mwingine ajue?"

Nikamfungulia geti, akapita.

Jumamosi ikafika. Mama alitoa madawati uani, wapangaji sita wakakaa, Famasia mbele. Mimi nikapewa meza chini ya kanuni zangu mwenyewe. Kengele ikalia.

Nikasoma swali la kwanza. Nikalitafuta jibu, nikalipata, nikaliruka nikazungushia la jirani yake. La pili vivyo hivyo. Watu wanadhani kukosa ni rahisi. Kukosa kwa asiyejua ni rahisi. Mimi ilibidi kila swali nilipate kwanza ndipo nilikose, kazi mara mbili. Swali la kumi na tatu sikulijua kabisa, la mvua na mito, nikatoka jasho, maana ningeweza kulipata kwa bahati mbaya. Nikalifikiria dakika kumi mpaka nikawa na hakika ya jibu, kisha nikalikimbia.

Mama akasahihisha pale pale, kwa kalamu nyekundu. Akafika mwisho wa karatasi. Akarudi mwanzo, akapitia tena.

"Sifuri," akasema.

Famasia alianza kucheka akijua ni utani. Alipoona uso wangu akaacha, kisha akashindwa, akacheka tena. Wote wakacheka. Kiranja wao wa usafi, mwenye kipaji kisichofundishwa. Mimi nikatazama ukuta nikazihesabu herufi za kanuni ya kumi na mbili. Hazikupinda hata moja.

Mama akafungua daftari, akapiga mstari mwekundu juu ya jina langu, na waliokaa naye muda mrefu waliniambia baadaye kwamba hawajawahi kuuona mstari ule. Kisha akamwita mlezi wangu.

"Chumba cha tano ni chako. Kesho asubuhi uje na godoro. Kengele saa kumi na moja na nusu."

"Ndiyo, Mwalimu," mpwa wangu akasema, na akanitazama mimi, wala hakuwa anacheka.

Nilikuwa nakusanya brashi zangu mama alipokuja na ile karatasi ya mtihani.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," akasema kwa sauti ya chini. "Asiyejua kitu, kwa maswali kama haya, hupata tano. Hupata sita, kwa kubahatisha tu. Sifuri sijawahi kumpa mtu." Akaikunja karatasi, akaniwekea kwenye mfuko wa shati. "Hii ni ya mtu aliyeyajua yote ishirini. Nenda zako kabla sijabadili mawazo, maana kiranja wa usafi kama wewe sitampata tena."

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro dakika kumi mpwa wangu alinipigia simu. Alinong'ona, kwa sababu alikuwa amekwisha kuvaa sare na alikuwa wodini, wa kwanza kufika. Mama alimpigia kengele saa kumi na moja kamili, yeye peke yake, wenzake wakalalamika. Akamaliza mazoezi bila kuchelewa hata siku moja. Sasa ni muuguzi, na hunishika mshipa wa damu kila nikipiga chafya.

Sifuri yangu nimeitia kwenye fremu, nimeitundika karakana kwangu juu ya makopo ya rangi. Mteja akiuliza, ninamweleza. Asipouliza, ninamweleza.

Na mama yule hajaniacha. Muhula uliofuata aliniita niongeze kanuni ya kumi na tano: Jina la mpangaji litaandikwa na mpangaji mwenyewe. Niliichora kwa herufi kubwa kuliko zote. Safari hii, kabla ya kuchovya brashi, nilivaa miwani nikasoma karatasi yote, mpaka maandishi madogo ya chini, ambayo yalikuwa ni anwani ya mchapaji.