Siku Mzee Njoo Alipolitoa Lori

Watu wengi wanadhani lori huendeshwa na mtu mmoja. Wanamwona dereva juu ya usukani, mkono nje ya dirisha, na hawamwoni yule anayeruka chini gari likisimama mlimani, akakimbia na kigingi kukisukuma nyuma ya tairi kabla breki haijachoka. Huyo ndiye utingo. Hufunga turubai, hulinda mzigo dereva anapolala, humwongelesha usingizi unapomnyemelea, na gari likirudi nyuma yeye ndiye macho yake. Kazi yake haionekani, na kazi isiyoonekana ni rahisi kuifuta kwa kalamu.

Mzee mmoja aliifanya kazi hiyo tangu hajaota ndevu hadi ndevu zilipokuwa nyeupe. Pale yadini watu waliitana kwa majina ya utani, na yeye walimwita Mzee Njoo, kwa sababu ndilo neno alilolitamka kuliko maneno mengine yote maishani mwake. "Njoo, njoo, njoo, kata kulia, njoo," huku kiganja kikipiga bodi la gari: pigo moja endelea, mapigo mawili simama. Mke wake alikuwa akilalamika kwamba hata usingizini mume wake hugonga ubao wa kitanda, na kwamba siku moja kitanda kitarudi nyuma kiingie jikoni.

Kisha kampuni ikaleta mkataba mpya. Ulikuwa mkataba wa hila: uliwaongezea madereva mshahara na kuwaondoa mautingo wote. Meneja alieleza kwamba magari ya siku hizi yana breki za kuaminika na simu zipo kila mahali, kwa hiyo dereva anaweza kwenda safari peke yake. Madereva waliombwa kusaini tu. Hapo ndipo tabia ya mtu hupimwa, maana kukataa unapopokonywa si kazi ngumu. Ngumu ni kukataa unapopewa. Wako waliokwisha kushika kalamu. Aliyewazuia ni dereva wa Mzee Njoo mwenyewe, mwenyekiti wao, mtu mrefu waliyemwita Mluzi kwa kuwa alipiga mluzi kila alipokasirika.

"Nyongeza hii imetoka wapi?" aliwauliza. "Imetoka kiti cha pembeni. Mnampokonya mwenzenu sahani, halafu mnaambiwa mmeongezewa chakula. Mimi sili cha utingo wangu."

Wakagoma wote, madereva na mautingo.

Yadi ile ilikuwa na kasoro ambayo wageni hawakuijua. Tangu kampuni ilipojenga ghala jipya ndani, malori marefu yalikosa nafasi ya kugeuka. Ilibidi yatoke kinyumenyume, yapite kati ya ukuta na mtaro, ndipo yaingie barabarani. Kwa hiyo wagomaji hawakuona haja ya kurusha jiwe wala ya kumtukania mtu mama yake. Walikaa juu ya magogo ng'ambo ya geti, wakasubiri. Walisikia kwamba meneja amekodi madereva kutoka nje.

"Waacheni waje," alisema Mluzi. "Kuendesha wanajua. Kutoka je?"

Wa kwanza akaja, akawasha lori la Mluzi lililojaa saruji. Alirudi nyuma, mkia ukaelekea ukutani. Akasonga mbele. Akarudi tena, mkia ukaelekea mtaroni. Ng'ambo ya barabara ikawa sherehe.

"Kaka, hiyo si baiskeli!" alipaza sauti utingo mmoja mfupi, baba wa mapacha, ambaye kwa kutotulia kwake waliishia kumwita Kiroboto. "Huyu akitoka leo, mimi naoa mke wa pili!"

"Wa kwanza tu hakutaki!" mwenzake akamjibu.

Katikati ya vicheko hivyo Mzee Njoo akainuka. Hakuna aliyemwona akivuka barabara. Alipita kwenye upenyo wa geti, akasimama pembeni mwa mkia wa lori, pale ambapo dereva humwona mtu kwenye kioo, akainua mkono.

"Njoo. Njoo, njoo. Kata kulia. Kata, kata. Nyoosha. Njoo."

Pigo moja. Pigo moja. Lori likapita kati ya ukuta na mtaro kama uzi kwenye tundu la sindano. Mapigo mawili. Dereva wa kukodiwa akatoa kichwa dirishani, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Asante sana, mzee wangu! Mungu akuweke!"

Akaondoka na saruji yake. Vicheko vilikuwa vimekatika zamani. Mzee alibaki katikati ya barabara, mkono bado uko juu, na alipogeuka ndipo akauona uso wa Mluzi.

"Kaka," alisema Mluzi polepole, "ulikuwa unafanya nini?"

"Nilisikia gia ya nyuma."

"Kisha?"

"Kisha ndiyo hivyo."

"Si ungemfungia na chakula cha njiani, babu!" alifoka Kiroboto. "Ungempa na mto alale vizuri!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja akasema mzee amehongwa. Mwingine akasema aondoke asionekane tena pale. Mluzi akapiga mluzi mkali hadi wakanyamaza.

"Aliyekosa kwa mazoea si sawa na aliyekosa kwa hongo," alisema. "Lakini lori limekwenda, na huko liendako hawaulizi limetokaje. Mzee, nenda nyumbani. Tutaongea kesho."

Ilikuwa hukumu ya haki, na mzee hakuilalamikia. Aliokota koti lake kwenye gogo. Kabla hajafika mbali, mlinzi wa geti akamkimbilia, akamwambia meneja anamwita.

Meneja hakuwa mjinga wala katili. Alikuwa mtu wa hesabu tu, na mtu wa hesabu tu huweza kufanya ukatili bila kupandisha sauti. Alimkaribisha mzee kiti, akampa maji ya baridi.

"Nimekuona kwa dirisha," alisema. "Mzee, mautingo wote siwahitaji, lakini wewe nakuhitaji. Uwe msimamizi wa kutoa magari hapa yadini. Ajira ya kudumu. Kila siku unalala kwako."

"Na wenzangu?"

"Wenzako ni habari nyingine."

"Dereva akikwama mlimani peke yake?"

"Hilo si la yadini. Kazi yako itakuwa inaishia getini."

Mzee akaomba apewe mpaka asubuhi.

Nyumbani alimkuta mke wake kitandani kwenye rundo la nguo zilizokauka, anakunja. Alimweleza yote, tangu lori la saruji hadi maji ya baridi. Mke akaachia shuka, akapiga makofi.

"Mungu hamtupi mja wake!"

"Sijakubali."

"Hujakubali nini? Baba, watoto wote nimezaa wewe uko njiani. Mama yangu tumemzika uko njiani. Paa limeezuliwa na upepo, uko njiani. Leo unaambiwa ulale kwako, unasema hujakubali? Au una mwingine huko?"

"Mwingine wa wapi, na goti hili?"

"Goti hilo hilo ninalolikanda mimi!"

Mzee alivuta kigoda, akakaa karibu naye. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyokuwa nayo aliyatoa moja moja.

"Nisikilize, mama watoto. Nikikaa pale getini, kila lori nitakalolitoa litakuwa na mtu mmoja ndani. Likishaingia barabarani hana wa kumwamsha, hana wa kumwekea kigingi. Na mimi ndiye niliyempigia bodi nikamwambia nenda. Leo nimefanya bila kujua. Kesho nitakuwa najua."

Mke alimaliza kukunja shuka, akachukua nyingine. Alikuwa amemsubiri mtu huyu ujana wake wote, na si uungwana kumtaka mwanamke wa namna hiyo ashangilie. Hakushangilia. Lakini hakuwa pia mwanamke wa kumsukuma mumewe kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe asingeweza kulitetea mbele ya majirani.

"Kama ni kukataa, basi kataa umesimama," alisema hatimaye. "Usikikalie kiti chao mara ya pili. Ukishakikalia utaona kila wanachosema kina maana."

Asubuhi wagomaji walikuwa kwenye magogo yao. Mzee Njoo aliwapita, na hakuna aliyemsogelea wala kumwamkia. Alikwenda moja kwa moja hadi getini, ambapo meneja alisimama na dereva mwingine wa kukodiwa, lori refu linanguruma nyuma yao.

"Umekuja kazini, mzee?"

"Nimekuja kukujibu. Kazi hiyo siitaki. Naitaka ile yangu, na wenzangu waipate yao."

"Unajua kwamba sitakuita tena?"

"Najua."

Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, kwa hiyo hata waliokaa mbali walisikia. Kisha akavuka barabara, akasimama mbele ya magogo. Kiroboto ndiye aliyesogea kwanza kumpisha akae.

Gia ya nyuma ikalia. Miguu ya mzee ikaanza kucheza yenyewe. Aliingiza viganja chini ya mapaja, akavikalia.

"Babu, tukufunge kamba?" aliuliza Kiroboto kwa sauti ya chini.

"Nishike shati."

Kiroboto akashika upande mmoja na jirani yake upande wa pili, kama watu wanaomzuia mbuzi aliyeona shamba. Wengine wakacheka, na mara hii mzee alicheka nao.

Kule getini meneja alimtuma mlinzi asimame nyuma ya lori. Mlinzi, ambaye maisha yake yote alikuwa amefungua na kufunga geti tu, alianza kuita "njoo, njoo" kama anayeita kuku, naye akawa amejiweka kati ya lori na ukuta. Mzee aliruka juu, na waliomshika shati wakavutwa pamoja naye.

"Wewe mlinzi! Toka ukutani! Utasagwa!"

Mlinzi akajitupa pembeni. Mkia wa lori ukaukwaruza ukuta pale pale alipokuwa. Dereva akashtuka, akakata usukani upande wa pili, na tairi la nyuma likaanza kuelekea mtaroni. Mzee aliliona. Neno moja tu lilibaki, nalo ni "simama". Alikaa chini, akalimeza. Uhai wa mtu haugomewi, lakini lori la kampuni linagomewa, na asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili asigome kabisa. Tairi likatumbukia. Lori likalala upande, likaziba geti lote.

Dereva wa kukodiwa akashuka, akamkabidhi meneja ufunguo.

"Bosi, mimi nilikubali kuendesha gari. Kuua mtu hatukukubaliana." Akachukua begi lake, akaondoka kwa miguu.

Alasiri meneja akatoa pendekezo jipya, na Mluzi akawasomea wote. Mautingo wa malori marefu wangebaki. Wa malori madogo wangeondoka. Nyongeza ya madereva ingebaki vile vile.

Kiroboto alikuwa wa lori dogo. Alitazama chini.

"Babu, umepona," alisema. "Wewe ni wa lori refu."

"Nimeponaje? Jana alinitaka peke yangu, nikakataa. Leo ananitaka na nusu yetu. Jibu linabadilika wapi?"

Mluzi akauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Kuna mikono iliyotaka kunyooka. Watu wana watoto, na mwenye nyumba hapokei kodi ya msimamo. Mzee Njoo hakuhutubu. Aliinuka alipokuwa, akaenda kukaa kati ya mautingo wa malori madogo, kama mtu aliyekosea kiti akaamua kurekebisha. Madereva walimtazama, kisha wakatazamana. Mkono uliokuwa umeanza kupanda ukajikuna sikio, ukashuka.

"Nani anaingia na mimi ndani?" aliuliza Mluzi.

"Mpeleke mzee," alisema Kiroboto. "Jana mlimfukuza mkidhani amehongwa. Mtu aliyekataa hongo mara mbili tumpate wapi tena?"

Wakaingia wawili. Meneja aliinua macho kwenye karatasi zake.

"Wewe tena?"

"Mimi tena. Jana uliniita peke yangu. Leo nimetumwa na wote."

Mazungumzo yalikuwa marefu na machungu, na hayakuisha siku hiyo. Mkataba uliosainiwa mwishoni uliwarudisha mautingo wa malori yote, makubwa kwa madogo, na ili hilo liwezekane, madereva waliiacha sehemu kubwa ya nyongeza yao mezani. Walisaini mmoja baada ya mwingine, Mluzi wa kwanza, na hakuna aliyesukumwa. Walijua wanachokiacha, na walijua wamemwachia nani.