Kisanduku cha Nilda

Siku Anselmo alipomwona Nilda kwa mara ya kwanza, alikuwa akitafuta kondoo watatu kwenye ukingo wa genge la bahari, katika rasi ya Valdés. Chini ufukweni walilala sili, wanyama wa baharini wakubwa kama magari, na katikati yao sili mmoja mwembamba akitambaa kwa tumbo. Kumbe mwanamke.

"Umepoteza nini, bwana kondoo?" akauliza bila kugeuka.

"Kondoo watatu."

"Huku hawapo. Hawa wangu wananuka zaidi. Shuka, nishikie gundi!"

Anselmo, mtu asiyejua kukataa, akashuka.

Nilda Curapil alifanya kazi na watafiti wa mjini. Oktoba wao hubandika kisanduku cha vipimo kwenye manyoya ya kichwa cha sili jike. Januari, jike akirudi nchi kavu kujivua ngozi, wao hukitoa kabla ngozi haijabanduka na kusombwa na maji. Hapo kisanduku huwa kimeandika kila mbizi: kina, dakika, na namna mnyama alivyopanda.

Nilda alitaka hiyo ya mwisho tu. Mumewe Rogelio, mzamiaji wa kome, alipanda haraka kutoka mita thelathini. Damu ikafanya povu mwilini kama soda, akafia mashuani.

"Huyu anatoka mita elfu, anafika juu anapiga miayo," alisema Nilda. "Nataka nione anapandaje. Basi."

Visanduku vitano vya mwanzo vilirudi vimejaa maji ya chumvi, havisomeki. Januari hiyo kilibaki kimoja, kwenye jike mwenye kovu shavuni, na watafiti walikwishasema hakuna kingine. Upepo ukamfungia ndani siku nne yeye na Anselmo, ambaye sasa alikuwa msaidizi wake. Walipofika ufukweni, jike mwenye kovu alikuwa amelala, ngozi mpya iking'aa kama kiatu cha Jumapili. Kichwani hamna kitu.

Nilda hakulia. Alipiga magoti kwenye mabaki ya ngozi yaliyooza, akafukua. Anselmo naye akafukua. Maji yakawafika vifundoni, kisha magotini, na kila wimbi likazoa walichofukua.

"Dada, maji yanajaa."

"Nayaona."

"Tupande, dada Nilda. Nakuomba." Akamshika mkono. Hakuwahi kumgusa kabla.

Nilda akainua uso.

"Wale kondoo wako watatu, uliwapata?"

Anselmo akatikisa kichwa.

"Na siku hizi ukipita pale juu, huchungulii chini kuwatafuta?"

Hakuna siku Anselmo aliyopita asichungulie.

"Basi niachie mkono."