Ukuta wa Mbele wa Nyumba ya Mama

Simu ililia saa tatu asubuhi, mshonaji akiwa na kopo la vanishi mkononi. Aliibana kati ya sikio na bega, akaendelea kuupulizia ukuta wa karatasi. Alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, akipiga kutoka hospitali alikolazwa kaka.

"Wifi, uko wapi?"

"Mezani kwa kaka. Nampulizia ukuta wake kabla hajarudi akaanza kelele."

"Wifi, kaka yako hatunaye."

Kidole kilibaki pale pale, kimebonyeza kopo. Alipozinduka, vanishi ilikuwa imetuama juu ya karatasi, na matofali mekundu aliyoyachapa kaka yake siku mbili nyuma yalikuwa yakitiririka kuelekea mlangoni. Ukuta wa mbele ulikuwa umeharibika.

Kaka yake alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ujenzi. Alipostaafu alianza kutengeneza nyumba za mfano za karatasi: alizichora kwenye kompyuta, akazichapa kwa printa ya wino, akakata, akakunja, akagundisha. Ya kwanza alimuuzia mkandarasi bila kuipaka kitu. Yule bwana akaishika kwa viganja vyenye jasho, akarudi na vidole vyekundu: "Fundi, nyumba yako inatoka damu!" Tangu hapo akajiwekea sheria. Wino ukauke siku nzima, bila jua wala feni. Vanishi ipulizwe kwa mbali, nyepesi, mara tatu. Na iwe ile isiyong'aa, maana ukuta unaong'aa, alisema, ni sahani. Kila mteja aliyeulizia kazi alijibiwa "kesho kutwa", mpaka jina likamganda.

Nyumba hii ya mwisho ilikuwa ya mama yao. Ile yenyewe ilibomolewa kupisha barabara, na macho ya mama yalikuwa yakififia. "Ataiona kwa vidole," kaka alisema. Kwa hiyo rangi haikutakiwa kutoka hata chembe.

Maziko yalipangwa kesho yake saa nne asubuhi. Alasiri wifi alirudi, macho yamevimba, akamkuta mshonaji bado ameuinamia ule ukuta.

"Nimemwangusha, wifi. Nilitaka mama aishike nyumba yake kabla hajamzika mwanawe."

Wifi aliwasha printa, akautafuta ukuta kwenye kompyuta, akauchapa upya. Karatasi ilitoka ingali na unyevu.

"Tuupige pasi," mshonaji akasema. "Nitaweka kitambaa juu."

"Pasi? Hii si suruali, wifi!"

Wakacheka wote wawili. Kicheko kikageuka kilio, wakakumbatiana pale pale mezani.

Jioni mshonaji aliingia chumbani kwa mama, akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza yote bila kuficha. "Umebaki ukuta mmoja, mama. Nikiulazimisha, labda utawahi."

Mama alivutavuta ncha ya shali yake. "Kaka yako alikujibu nini ulipomuuliza nyumba yangu itakwisha lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi usimfanye mwongo. Uache ukauke kama alivyotaka mwenyewe. Mungu hana haraka naye tena, na mimi sina."

Wakasali pamoja, kwa sauti ya chini.

Asubuhi waliuacha ukuta mezani, wakafunga dirisha vumbi lisiingie. Makaburini kulikuwa na watu kama hamsini, wengi wao wateja wa kaka. Sala ilikuwa fupi. Mama alishikwa mkono, mshonaji kulia, wifi kushoto, akaligusa jeneza upande wa kichwani, kisha upande wa miguuni.

"Nenda, baba," alisema. "Mungu akupokee."

Jeneza likateremshwa. Mama alitupa udongo kidogo, mshonaji akafuata, kisha wifi. Wanaume wakachukua sepetu, wakafukia mpaka juu. Saa sita kasoro waliondoka kurudi nyumbani, ambako ukuta ulikuwa bado unakauka mezani.