Wazee wa Kuazima

Mahindi makavu yakipukuchuliwa kwa mkono huanguka kwenye turubai kwa mlio kama wa mvua inayoanza juu ya mabati. Mlio huo ndio Desemba yangu ya utotoni, nyuma ya nyumba ya Senge mtaani Tuwan, Kitale, miaka ya elfu mbili na kidogo. Senge, dada ya marehemu baba, ndiye aliyetulea mimi na dada yangu Nafula. Majirani walikuja kutusaidia, nasi tukaenda kwao zamu yao ilipofika, na vidole vya kila mtu vilitoka malengelenge isipokuwa vya Nafula. Yeye alikaa juu ya gunia akitusomea kitabu, na wanawake walimpukuchulia sehemu yake bila kunung'unika.

Kilikuwa riwaya ya Kiingereza ya mapenzi ya Krismasi, nyepesi na ya kuchekesha. Msichana wa mjini amewadanganya wazazi wake kwamba ana mchumba, na sikukuu inapokaribia anamwomba mwoka mikate wa kijijini ajifanye ndiye. Theluji inaanguka, keki inaungua, mbwa anakula zawadi, na mwishowe wawili hao wanapendana kweli. Nafula alisoma kimoyomoyo, kisha akasimulia kwa Kiswahili, na wanawake wakacheka hadi magunzi yakawaponyoka. "Ati anajifanya! Na ng'ombe za mahari, nazo zitajifanya?" Senge aliuliza siku moja. Nafula alitazama ukurasa, kisha akasema kijana huyo ni yatima, hana baba wala mjomba wa kumpeleka kuposa, na kwa hiyo majirani wamemwazima wazee wawili. Mama mmoja alijifuta macho kwa leso. Senge akasema, "Huyo hata akifika kwangu, nitamchinjia kuku."

Mimi nilijua hayo hayamo. Nilikuwa darasa la saba, wa kwanza kila muhula, na kitabu nilikuwa nimekisoma chote Nafula alipokuwa sokoni. Mwoka mikate alikuwa na wazazi wote wawili na ukoo wa kujaza kanisa. Nilimjua pia Barasa, fundi wa baiskeli aliyelelewa katika nyumba ya watoto yatima, ambaye kila tulipopita alisimama na kujifuta mikono kabla ya kumsalimia dada yangu. Nilikuwa mtoto mwerevu. Niliyaunganisha.

Kabla hatujaenda nyumbani Malakisi, Bungoma, kwa sikukuu, niliona dukani diski ya filamu yenye jina lilelile la kitabu. Nilimwambia Senge, naye akainunua kwa furaha. Siku ya Krismasi, baada ya kanisa, boma zima lilijaa sebuleni mbele ya televisheni ya betri ya gari. Walishangilia theluji. Walimshangilia mbwa. Kisha ikafika karamu, na mwoka mikate akaingia na baba yake, mama yake na mashangazi wamevaa kofia nyekundu.

"Wewe Nafula," Senge akasema, "si ulisema huyu hana watu?"

"Wamebadilisha, Senge. Filamu hubadilisha. Kwa kitabu hana mtu."

"Na hawa wazee wa kuazima wako wapi?"

"Kwa kitabu wako."

Senge, aliyezoea kuniita Mama, akanigeukia. "Mama, wewe ndiye wa masomo. Iko hivyo kwa kitabu?"

Nafula alinitazama. Hakukonyeza wala kutikisa kichwa. Alinitazama tu, na mimi nikasimama wima kama mbele ya mwalimu, nikajibu: "Hapana, Senge. Hiyo aliongeza mwenyewe." Watu wakacheka. "Kumbe ulikuwa unatupikia stori, bana!" mmoja akasema. Senge hakucheka. Aliniongezea chapati, nikaila.

Kesho yake Barasa alifika langoni na wazee wawili wa Tuwan, makoti yamepigwa pasi. Nafula alikuwa amekwisha kuchemsha maji. Senge alitoka, akawatazama kutoka viatu hadi kofia, akasema, "Wazee, mrudisheni huyu mahali mlimtoa. Filamu tumeona." Wakarudi bila hata chai. Nilisikia sufuria ikichemka hadi ikakauka.

Leo watu wa Malakisi wakinitaja hutaja bidii. Nilikwenda Doha mikono mitupu, nikajilipia diploma ya usimamizi wa hoteli kwa jasho langu, na nimerudi kujenga nyumba ambayo mafundi huleta wateja wao kuitazama. Sijivuni bure. Nilifika nilipofika kwa kujibu maswali sawasawa, na siku ile pia nilijibu sawasawa. Nafula, ambaye Senge alimtafutia mume mwenye watu wengi, ni mjane sasa na anaishi nami. Barasa hatumtaji. Nimewahi kuanza kumwomba Nafula msamaha, akaniambia nipunguze moto jikoni.

Desemba iliyopita watoto wa jirani walijaa sebuleni kwangu kutazama filamu nyingine kama ile, ya theluji na uchumba. Hawajui Kiingereza vizuri, wakamwomba Nafula awaambie wanachosema. Alikaa, akawaambia kila neno kama lilivyosemwa. Hakuongeza kitu.